Mtoto na Karatasi Zake: Somo juu ya Kuasili

Ndugu wanakisomo wa mkoa wetu wa Singida, somo hili ni lenu ninyi nyote mliokusanyika madarasani, mlio Kiomboi na Manyoni, mlio Ikungi, Ilongero na Itigi, na wewe uliyebaki nyumbani na redio yako pembeni ya jiko.

Somo la leo linahusu neno moja. Mwalimu wa darasa na aliandike ubaoni kwa herufi kubwa, nanyi mlisome kwa silabi: ku-a-si-li. Kuasili. Msilichanganye na neno kuasi, maana kuasi ni kukataa kutii. Kuasili ni neno lililo karibu na asili, yaani chanzo au shina. Mtu akimwasili mtoto, amemchukua mtoto asiyemzaa, naye mbele ya sheria amekuwa mtoto wake kama yule aliyemzaa.

Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, jambo hili si geni kwetu. Nyumbani kwangu nina watoto watatu wa marehemu dada yangu." Ni kweli. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na katika vijiji vyetu kazi hiyo hufanywa na watu wengi: bibi, mjomba, shangazi, hata jirani. Lakini kulea ni jambo moja, na kuasili ni jambo jingine. Ukimlea mtoto, unampa chakula, mavazi na mahali pa kulala. Ukimwasili, unampa hayo yote, na pamoja nayo unampa haki ambayo hawezi kunyang'anywa hata siku utakapokufa. Tofauti hii imo katika karatasi. Na ninyi mnaojifunza kusoma mnastahili kuzijua karatasi hizo kuliko watu wengine wote.

Ili tuelewe vizuri, twende kwanza mbali, kisha turudi nyumbani.

Safari ya kwenda China

Wachina twawajua. Ndio walioshirikiana na Tanzania na Zambia kujenga reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975. Lakini wengi wetu hatujui kwamba kwa zaidi ya miaka 30 familia nyingi za Marekani, Hispania, Kanada, Uholanzi, Sweden na nchi nyingine zilikwenda China kuasili watoto. Jumla ya watoto walioondoka kwa njia hiyo ilizidi 160,000. Nusu yao hivi, yapata 82,000, walikwenda Marekani.

Kwa nini watoto wengi hivyo? Tangu karibu na mwaka 1980 mpaka mwisho wa mwaka 2015, serikali ya China iliwataka wananchi wengi wazae mtoto mmoja tu. Katika sehemu nyingi za vijijini, mzazi aliyejaliwa msichana kwanza aliruhusiwa kuzaa mara ya pili. Aliyevunja amri hiyo alitozwa faini kubwa. Wakati huo huo, wakulima wengi wa China walitaka mtoto wa kiume, maana kwa desturi yao mwana wa kiume ndiye abakiye na wazazi na kuwatunza uzeeni. Basi watoto wengi wa kike, pamoja na watoto waliozaliwa na ulemavu, waliachwa kwa siri. Waliachwa sokoni, mlangoni pa hospitali, au karibu na kituo cha polisi, mahali ambapo wangeonekana upesi. Makao ya watoto yakajaa. Mwaka 1992 sheria mpya ya China ilifungua mlango kwa watu wa nje kuwaasili.

Je, familia ilisafirije? Haikuwa kupanda ndege tu na kwenda kuchagua mtoto. Safari ilianza nyumbani kwao. Afisa wa ustawi alikuja kuikagua nyumba yao na kuwahoji mume na mke, mmoja mmoja na wote pamoja. Daktari aliwapima. Polisi walitazama kama waliwahi kufungwa. Mwajiri aliandika mshahara wao ni kiasi gani. Karatasi zote zilipigwa mihuri, zikatafsiriwa kwa Kichina, zikapelekwa Beijing, mji mkuu wa China. Kisha wakangoja. Wengine walingoja mwaka mmoja. Katika miaka ya baadaye, waliomtaka mtoto mchanga mwenye afya njema walingoja miaka mitano na zaidi, na watoto wengi walioasiliwa wakati huo walikuwa wale wenye mdomo sungura, ugonjwa wa moyo au ulemavu mwingine.

Siku moja barua ilifika. Ndani yake mlikuwa na picha ya mtoto, jina lake, umri wake na habari za afya yake. Ndipo familia iliposafiri. Walikwenda mpaka mji mkuu wa jimbo alikotoka mtoto, kwa mfano Changsha katika jimbo la Hunan. Walezi wa makao walimleta mtoto na kumkabidhi. Mara nyingi mtoto alilia sana, kwa kuwa aliwaona watu wasio na sura wala sauti alizozizoea. Hilo si ajabu. Mtoto aliondolewa kwa mlezi aliyemjua, na wageni hawa walikuwa hawajawa wazazi wake bado, ila kwa karatasi tu.

Kisha walikwenda ofisi ya serikali kutia sahihi. Wazazi waliweka dole gumba kwenye wino mwekundu, na mara nyingi mtoto naye alipigwa chapa ya mkono au ya wayo wake mdogo. Familia ilitakiwa pia kulipa makao mchango wa dola 3,000 hivi. Wale wa Marekani walimalizia safari yao katika mji wa Guangzhou, kwenye ofisi ya ubalozi wao, wakapata ruhusa ya mtoto kuingia nchini mwao. Safari yote ilichukua yapata wiki mbili.

Watoto wengi walipata wazazi wema. Walipelekwa shule, walitibiwa midomo na mioyo, wakakua. Tusilikatae jambo hilo. Lakini sasa sikilizeni upande wa pili.

Karatasi iliyosema uongo

Ule mchango wa dola 3,000 ulikuwa fedha nyingi sana kwa makao ya watoto ya mkoani. Penye fedha nyingi hapakosi mwenye tamaa. Mwaka 2005 polisi wa China waligundua huko Hengyang, katika jimbo la Hunan, kwamba walanguzi walikuwa wakiwauza watoto wachanga kwa makao. Makao yakaandika katika karatasi kwamba watoto hao wameokotwa. Mwaka 2006 mahakama ilihukumu baadhi ya waliohusika vifungo vya gerezani. Mwaka 2011 jarida la China liitwalo Caixin lilitoa habari nyingine mbaya zaidi: katika wilaya ya Longhui, jimbo hilo hilo, maafisa wa uzazi wa mpango waliwachukua watoto mikononi mwa wazazi walioshindwa kulipa faini, wakawapeleka makaoni. Wazazi wao walikuwa hai, nao waliwataka watoto wao. Lakini karatasi ilisema, "Mtoto huyu hana wazazi."

Mzazi wa ng'ambo aliyesoma karatasi hiyo aliiamini. Angejuaje? Leo watoto wale wamekuwa watu wazima. Baadhi yao wamerudi China kuwatafuta wazazi waliowazaa, wakipima vinasaba, wakibandika picha zao za utotoni ukutani katika miji walikookotwa. Wachache wamefanikiwa. Wengine bado wanatafuta.

Tarehe 5 Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kwamba imefunga mlango ule. Tangu hapo mgeni haruhusiwi kumwasili mtoto wa China na kumpeleka nje, isipokuwa mtoto wa ndugu yake wa damu wa karibu, au mtoto wa mwenzi wake wa ndoa.

Majirani zetu

Msidhani mambo haya yako China tu. Tutazame Afrika.

Mwezi Septemba 2013 serikali ya Kongo, ile ya Kinshasa, ilisimamisha vibali vya kuwatoa nje watoto walioasiliwa na wageni. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wake. Mwaka 2018 Ethiopia, ambayo hapo nyuma ilitoa watoto wengi sana kwenda nje, ilipiga marufuku kabisa. Katika nchi hizi kulikuwa na hofu kwamba baadhi ya watoto wanauzwa, na karatasi zao ni za uongo.

Habari ya Uganda yafaa tuisikilize kwa makini. Mwezi Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, na wakili mmoja pamoja na mumewe, kwa madai ya udanganyifu katika kuasili watoto. Marekani ilieleza kwamba watu walitumwa vijijini, mbali na miji, wakawaendea wazazi maskini. Waliwaambia, "Tupeni mtoto wenu, tutampeleka Kampala akasome." Mzazi gani hataki mwanawe asome? Wazazi wakakubali. Watoto wakapelekwa makaoni Kampala, wakaonyeshwa kwa wageni kana kwamba ni yatima. Mwaka 2016 Uganda ilikuwa imekwisha kuirekebisha sheria yake ya watoto ili kuziba mianya kama hiyo.

Ndugu wanakisomo, hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mzazi asiyejua kusoma akiletewa karatasi na mtu mwenye maneno matamu, atafanya nini? Ataweka dole gumba. Anadhani ametia sahihi ya shule, kumbe ameambiwa atie sahihi ya kumwacha mtoto. Mtu aliyevaa vizuri na kuja na gari si lazima awe mwongo, wala si lazima awe mkweli. Karatasi ndiyo itakayotuambia, ikiwa tunaweza kuisoma.

Sheria ya kwetu

Sasa turudi Tanzania. Sheria yetu inaitwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hii yasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kadhalika inaeleza jinsi ya kuasili. Shikeni mambo haya sita.

La kwanza: anayetoa amri ya kuasili ni mahakama, na kwa kawaida ni Mahakama Kuu. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kutoa amri hiyo. Mganga wa hospitali hawezi. Mkuu wa makao ya watoto hawezi. Hata mzazi mwenyewe hawezi kumkabidhi mtoto kwa barua ya mkono na kusema amekwisha kuasiliwa.

La pili: safari huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Yeye atakuja nyumbani, ataona mnavyoishi, ataandika taarifa. Mtoto atakaa nanyi kwanza katika malezi ya kambo, ili ionekane kama mnapatana. Baada ya hapo ndipo maombi yanapofika mbele ya jaji.

La tatu: mwombaji awe mtu mzima wa umri wa miaka 25 au zaidi, naye amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Ndugu wa damu wana masharti yao ya umri, na afisa atawaeleza.

La nne: wazazi walio hai lazima waridhie. Mahakama yaweza kuendelea bila ridhaa yao ikiwa tu wamemtelekeza mtoto, au wamemtesa, au hawaonekani, au hawana uwezo wa kutoa ridhaa. Mtoto naye, ikiwa amefikia umri wa kuelewa, asikilizwe. Yeye si mbuzi wa kuuliziwa bei mnadani huku amesimama kimya.

La tano: hakuna kuuza wala kununua. Mtu akikuahidi fedha ili umtoe mtoto, au akikudai fedha ili akupatie mtoto, amekwisha kuivunja sheria.

La sita: mgeni asiye Mtanzania anaweza kumwasili mtoto wa Kitanzania, lakini si kwa safari ya wiki mbili kama zile za China. Lazima awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo. Lazima awe amemlea mtoto huyo kwa miezi isiyopungua mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Lazima iaminike kwamba mtoto hawezi kupata malezi yafaayo hapa nyumbani. Tena awe mtu asiye na rekodi ya uhalifu. Maana yake ni kwamba jamaa za mtoto watangulie, kisha watu wa nchi yake, na mgeni awe wa mwisho. Kanuni hiyo ndiyo iliyomo pia katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, ambao mataifa mengi yameukubali.

Amri ikishatolewa, huandikwa katika daftari la watoto walioasiliwa, linalotunzwa na RITA, ile ofisi inayotoa vyeti vya kuzaliwa. Kuanzia siku hiyo wazazi wapya wana wajibu wote, na wazazi wa kwanza hawana tena madai.

Tuchukue mfano

Tuseme mama mmoja katika kijiji cha Iramba anamlea mtoto wa dada yake tangu akiwa na miezi minne. Mtoto anamwita mama, na mume wa mama huyo anamwita baba. Wote wanalima alizeti na vitunguu, wanafuga kuku, wamejenga nyumba ya bati. Mtoto sasa ana miaka 12. Baba anafariki. Baada ya arobaini, ndugu za marehemu wanakaa kikao cha mirathi. Wanauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Mama anajibu, "Ni wetu, tumemlea." Wanasema, "Kulea tumeona. Karatasi iko wapi?"

Mtoto aliyelelewa tu hapati fungu la urithi kwa sababu ya kulelewa. Mtoto aliyeasiliwa hurithi kama mtoto wa kuzaliwa. Ndiyo tofauti niliyowaambia mwanzo. Haihesabiki kwa upendo, kwa kuwa upendo ulikuwepo siku zote katika nyumba ile. Inahesabika siku upendo wa wenye nyumba usipoweza tena kumtetea mtoto.

Hapa ndugu zetu Waislamu watauliza swali lao, nalo ni swali la haki. Katika dini ya Kiislamu kumlea yatima ni jambo lenye thawabu kubwa, lakini nasaba ya mtoto haibadilishwi. Mtoto hubaki na jina la baba aliyemzaa. Malezi hayo huitwa kafala, nayo yametajwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Basi Mwislamu asiyetaka kuasili aweza kumlea mtoto, na kumpa mali kwa njia ya hiba akiwa hai, au kwa wasia usiozidi theluthi ya mali yake. Lakini hiyo nayo iandikwe, ishuhudiwe, isibaki katika maneno ya mdomoni.

Mtu akija mlangoni

Mwisho, mambo ya kukumbuka. Mabinti wetu wengi hutoka mkoa huu kwenda mijini kwa ahadi ya kazi au masomo. Mtu akija na kusema, "Nipe mtoto huyu nimpeleke mjini, au ng'ambo, akasome," muulize maswali manne. Wewe ni nani, na kitambulisho chako kiko wapi? Mtoto atakaa wapi, kwa nani? Afisa ustawi wa halmashauri yetu anakujua? Karatasi hii inasema nini?

Usitie sahihi siku hiyo hiyo. Mwenye nia njema atangoja. Ichukue karatasi, uisome mwenyewe polepole, neno kwa neno. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, idai tafsiri ya Kiswahili. Neno likikushinda, lilete darasani tulisome pamoja. Ukiona hatari, mpigie Afisa Ustawi wa Jamii, nenda polisi, au piga simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, nayo haitozwi fedha.

Na ikiwa unamlea mtoto asiye wako, usiogope somo hili. Hakuna atakayekuja kumnyang'anya mtoto kwa sababu umeuliza maswali. Nenda kwa afisa ustawi, mwambie, "Nina mtoto huyu, namlea tangu mwaka fulani. Nifanye nini ili awe na haki?" Kwanza atakuuliza kama mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Anza na hicho.

Kazi ya darasa

Someni maneno haya kwa sauti, kisha kila mmoja atunge sentensi: kuasili, malezi ya kambo, ridhaa, mirathi, amri ya mahakama.

Jadilini maswali haya:

1. Kuna tofauti gani kati ya kumlea mtoto na kumwasili?
2. Kwa nini karatasi za baadhi ya watoto wa China zilisema uongo, na nani alifaidika?
3. Katika kijiji chenu, mtu mgeni akitaka kumchukua mtoto, nani anapaswa kuarifiwa kwanza?
4. Kila mwenye mtoto nyumbani, awe wa kuzaa au wa kulea, alete cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo somo lijalo. Tutakisoma mstari kwa mstari. Asiye na cheti aje vivyo hivyo, tutamwonyesha pa kuanzia.

Kwaherini, na masomo mema.